Mzigo wa Kwenda Kigosi

Harufu ya michembe ikichemka haijawahi kunipa njaa. Wengi wenu mmeila, hivyo vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani, mkaichanganya na karanga mkafurahi. Mimi nikiisikia harufu yake narudi uani kwetu Masumbwe, nikiwa na miaka kumi na minne, nafunga mzigo huku macho yangu yako njiani.

Wazazi wetu walikuwa wameshafariki. Mama alitangulia, kisha baba, mrina asali, akaugua homa ndani ya mabwawa ya Kigosi, akaletwa nyumbani juu ya machela ya miti. Niliacha shule ili wadogo zangu wasiache: Maduhu wa darasa la tano na Kabula wa la pili. Siku ya kumaliza matanga, ba'mdogo wetu wa Songwa alitangaza kwamba baada ya mavuno angekuja kutugawa. Maduhu angekwenda naye kuchunga ng'ombe, Kabula kwa shangazi huko Nkome kuanika dagaa, na mimi ningetafutiwa pa kukaa. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayepanga magunia.

Mavuno yakaisha, na shule yao ikatangaza safari ya likizo: siku mbili katika hifadhi ya Kigosi, kulala hemani, kutazama ndege. Mwalimu Rehema alitaka mtu wa kumsaidia kupika, akanichukua, kwa hiyo tungekwenda wote watatu. Lakini fomu ilidai saini ya mlezi. Kumwomba ba'mdogo sikuthubutu. Niliogopa angekumbuka ahadi yake, aje upesi kuwachukua. Nikaandika jina lake, nikasaini mwenyewe.

Kupanga safari nilijua kwa njia moja tu, ya baba. Hakuwahi kutaja siku ya kuondoka, maana warina asali wa ukoo wetu waliamini kwamba ukiitaja, nyuki wanasikia. Nami nikawakataza wadogo zangu wasimwambie mtu. Nikafunga alivyofunga yeye: michembe nusu gunia, unga, chumvi, shoka, kamba ya magome, sufuria, dawa ya nyoka ndani ya kitambaa. Baba alikuwa akikaa kambini mwezi mzima. Sisi tulikuwa tunakwenda siku mbili, tena kwa lori la shule. Hilo halikunijia kabisa.

"Dada, yule ndege aliyetusimulia baba, mwenye mdomo kama kiatu," Kabula aliuliza, "ni kiatu cha kulia au cha kushoto?"

"Ni kile ulichopoteza wewe," Maduhu akamjibu.

"Nyamazeni! Watu watasikia."

Alasiri ile ile, safari ikiwa kesho yake, ba'mdogo akatokea na begi lake begani.

"Shikamoo, ba'mdogo."

Hakuitikia. Alikuwa anatazama mzigo. "Shoka. Gunia. Sufuria. Unawatorosha watoto wa kaka yangu, Milembe?"

Nilimweleza yote, hata saini. Yeye alichuchumaa, akalishika fundo la kamba, akaligeuza huku na huku.

"Nani kakufundisha kufunga hivi?"

"Hakuna. Nilikuwa namwangalia baba."

Akaliachia lile fundo. "Mnakwenda siku ngapi?"

"Mbili."

"Mbili!" Alicheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la shati. "Na hii michembe ni ya kulisha jeshi? Tena uingie hifadhini na shoka, binti? Utarudishwa getini."

Alitoa kitu kimoja kimoja mpaka ukabaki mfuko mdogo. Dawa ya nyoka aliiweka pembeni, kisha akairudisha.

"Na Maduhu?" niliuliza.

"Nendeni kwanza."

Nilikwenda na maneno hayo mawili kifuani. Wenzangu waliona nzohe, wale swala wa majini, kwenye mafunjo, wakamwona na yule ndege, amesimama majini kama aliyesahaulika. Mimi niliona masufuria, na wadogo zangu niliokuwa nawaita majina kila nikigeuka.

Tuliporudi, ba'mdogo alikuwa mlangoni. Uani majani makavu, mavi ya mbuzi, majivu ya siku mbili. Nilikasirika. Mtu anataka kulea watoto, na ufagio umemshinda! Alimsikiliza Kabula mpaka habari za ndege zikaisha, ndipo akasema angeondoka asubuhi, peke yake.

"Likizo nyingine mlete Maduhu anisalimie. Kisha uje umrudishe nyumbani."

Nilidhani tumemchosha.

Miaka imepita. Wadogo zangu wamekua mikononi mwangu, na mwaka jana nikaolewa kwenye nyumba ya warina asali. Asubuhi ya kwanza mume wangu alipokwenda msituni, mama mkwe alininyang'anya ufagio.

"Weka chini! Nyumba iliyotoa mtu porini haifagiwi mpaka arudi. Unataka kufuta nyayo zake?"

Sikulijua hilo. Sisi, baba akiondoka, tulikuwa tunapelekwa kwa bibi siku hiyo hiyo. Nilikaa kizingitini. Ba'mdogo, ambaye ng'ombe wake walikuwa wanamngoja Songwa, alikuwa amekaa siku mbili katikati ya takataka, akizilinda nyayo zetu sisi watatu.