Sinema ya Kisinhala Niliyomfasiria Mama

Jirani yetu wa huku ughaibuni, mtaa wa Tooting, muuguzi wa Kisinhala, ndiye aliyeniazima ile sinema. Inahusu ndugu wawili wa kike waliogawana nyumba ya marehemu mama yao kwa ukuta, wakaacha kusemezana. Kila mchana dada mkubwa huweka sahani ya wali juu ya ukuta, ameifunika. Mdogo haigusi. Kunguru hufunua wakala. Inakwenda hivyo karibu nusu saa, mpaka siku mdogo anaponyoosha mkono na kuichukua.

Niliitazama peke yangu, nikalia, nikaamua lazima Mama aione.

Mama alikuwa na miaka saba hajazungumza na dada yake aliyebaki kwetu Wete. Bibi alipofariki, Mama mkubwa alimficha habari mpaka maziko yakaisha, kwa sababu wakati ule Mama hakuwa na karatasi za kumruhusu kusafiri na kurudi. "Alinionea huruma," Mama husema, na neno huruma hulitoa kama anayetema kokwa. Kila Idd dada yake alipiga simu, na kila Idd Mama aliniambia nipokee mimi, niseme anasali.

Sinema ilikuwa na maandishi ya Kiingereza, nayo humpita mbio. Nikaanza kumwandikia ya Kiswahili. Kazi hiyo sikuisomea. Nilijifundisha kwa video za mtandaoni. Wiki tatu zilitosha kuyamaliza. Lakini Mama husoma polepole, basi nikafupisha sentensi. Zikaniwia kavu, nikazirefusha. Nilizisogeza nusu sekunde mbele, nusu sekunde nyuma. Nilimgongea jirani mlango mara nyingi kumuuliza yule dada amekasirika au ameumia, mpaka akaniuliza kama sina mchumba wa kunishughulisha.

"Sinema yako lini?" Mama aliniuliza siku moja, anamenya vitunguu.

"Imebakia kidogo."

"Kidogo hicho tangu Maulidi ya Mfungo Sita. Nitilie hivyo hivyo, miye si mwalimu wako."

"Wiki ijayo, Mama."

Nilisema uongo. Ilikuwa tayari zamani. Nilijua akiiona atatambua kwa nini nimemchagulia hiyo, kisha atageuka anitazame mimi. Hapo ndipo sikuwa na sentensi.

Ramadhani ikapita. Siku ya Idd simu ya Wete nikaipokea mimi, nikasema anasali.

Ililia tena Jumanne moja asubuhi. Alikuwa binamu yangu. Mama mkubwa amefariki alfajiri, atazikwa adhuhuri. Mama alikuwa bafuni, nasikia maji. Nilisimama mlangoni nikatunga namna ya kumwambia, nikaifuta, nikatunga nyingine. Niseme kweli: ilinipitia kuwa ningeweza kungoja mpaka maziko yaishe.

Maji yakakatika. Nikamwambia vibaya, kwa maneno yaliyokuja.

Baada ya hitma aliiomba sinema mwenyewe. Tulikaa kwenye sofa, yeye na miwani yake, midomo ikifuata maandishi. Nilipolia mimi, yeye hakulia. Ilipokwisha akavua miwani.

"Uliimaliza lini hii?"

"Kabla ya Ramadhani."

"Kabla ya Idd."

"Ndiyo, Mama."

Alifuta miwani kwa ncha ya kanga.

"Yote nimeielewa," akasema. Akaingia chumbani, akafunga mlango. Ilikuwa saa tisa mchana, naye halali mchana.