Mstari wa Buluu Juu ya Ngitili

Mimi ndiye niliyetaka malori ya pamba yaondolewe mtaani kwetu, na sikutaka kimyakimya. Nilipiga kelele. Msimu uliopita lori lililokuwa likirudi nyuma kuelekea kiwanda cha kuchambua pamba lilimbana binti yangu kwenye ukuta wa duka, akitoka shule, akavunjika mkono. Dereva akashuka ananiambia, "Mama, sikumuona." Hee! Mtoto kavaa shati jeupe la shule, mchana kweupe, hukumuona? Nilimwendea na mkasi wangu wa ushonaji mkononi, wanaume wakanishika. Tangu hapo mtaa mzima ukanijua kwa mdomo, na ilipotafutwa sauti ya mwanamke kwenye kamati ya kuishauri halmashauri kuhusu mazingira na usafiri, watu walinitaja mimi kabla hata sijaulizwa kama nina nafasi.

Tulikuwa tunakutana ofisi ya kata. Mwenyekiti wetu alikuwa mzee wa duka la vipuri, Mwislamu wa swala tano, wazazi wake walitoka mbali lakini yeye amekaa Bariadi mpaka anatania kwa Kisukuma. Alikuwepo mwakilishi wa madereva wa bajaji, mwanaume mwenye maneno mengi kuliko abiria. Na alikuwepo afisa mazingira, mgeni aliyehamishiwa kwetu kutoka kusini, mpole, aliyependa sana neno "endelevu". Usafiri endelevu, mji endelevu, maegesho endelevu. Siku moja nilimwambia kwangu kinachoendelea ni vumbi tu, akacheka mpaka akavua miwani. Sikuwa na ugomvi naye, na mpaka leo sina.

Siku ninayoisimulia ilikuwa ya mvua, masika yamekolea, na msimu wa pamba ulikuwa unakaribia. Kamati ilitakiwa imalize: malori yapite wapi ili yasiingie mjini? Afisa alibandika ramani ukutani kwa gundi ya karatasi, akachora mstari wa buluu kutoka barabara ya lami, ukizunguka nje ya mji upande wa Ngulyati, mpaka kiwandani. Akasema njia hiyo ndiyo fupi, haivunji nyumba ya mtu, haigusi shamba la mtu. Wajumbe wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga, nakiri, tena kwa nguvu. Kisha nikainuka kwenda kuangalia karibu, na mikono ikanishuka.

Mstari ule ulipita katikati ya ngitili ya mama mkwe wangu.

Aliyekulia kwetu hahitaji kuelezwa, lakini wengine mnaosoma huenda hamjui. Ngitili ni malisho yanayofungwa. Mvua zikianza, familia inatenga eneo lake, inalizungushia ua wa minyaa, na hakuna ng'ombe anayekanyaga humo mpaka kiangazi kiwe kimeunguza kila kitu kwingine. Majani yanaachwa yarefuke, yakomae, yakauke yakiwa yamesimama. Halafu mwezi wa nane au wa tisa, nje kukiwa hakuna kitu, ndipo unafungua. Mama mkwe ni mjane. Hana shamba la maana, ana ng'ombe, na ng'ombe wake wanavuka kiangazi kwa ngitili ile tu. Ukiichukua, umewachukua na ng'ombe.

"Hapa umeandika nini?" nikamuuliza afisa.

"Eneo la wazi, halitumiki," akasema. "Tulipita wiki iliyopita, mama. Hakuna mazao, hakuna mifugo, hata kinyesi hakuna. Majani yamefika kiunoni."

"Majani yamefika kiunoni kwa sababu linatumika! Hiyo ni ngitili!"

Akavuta pumzi. Nilimwona amechoka. Akasema hakatai kwamba ngitili zipo, ila tangu watu wasikie habari za barabara, kila kichaka alichokanyaga kimeitwa ngitili, hata korongo la kutupia takataka. Yeye hawezi kupeleka maneno halmashauri. Anapeleka alichokiona, na alichokiona ni majani.

Nikageuka kuwaangalia wenzangu. Jamani, ukimtoa afisa na mwenyekiti, mle ndani walijaa Wasukuma! Watu waliochunga utotoni, waliochapwa fimbo kwa kuruhusu ndama kupenya kwenye ngitili ya jirani. Kila mmoja alijua nasema kweli. Mmoja akawa anachungulia simu yake, mwingine anafuta tope kwenye kiatu. Walitaka malori yaondoke, basi. Mwakilishi wa bajaji ndiye aliyesema kilichokuwa mioyoni mwao. "Dada, si wewe uliyelia malori yatoke? Sasa yamepata njia, unataka yapae?"

Kama kuna swali nililotaka kumrukia mtu kwa sababu yake, ni lile. Lakini kichwani namwona binti yangu anavuka pale kona, upande wa pili namwona mama mkwe amesimama na ng'ombe wenye njaa. Nikasema tu, "Mnajua. Wote mnajua, na Mungu anawaona." Nikakaa. Mwenyekiti akagonga meza taratibu akasema kamati haitabishana na majani, itakwenda kuona kwa macho Alhamisi, na kitakachoonekana ndicho kitakachoandikwa.

Jioni ile nikapanda bodaboda kwenda kwa mama mkwe. Nikapiga goti, nikamsalimia, "Mwadila, mayu." Mayu, ndivyo tunavyomwita mama. Akaitikia, akanisogezea kigoda, akaendelea kupepeta mtama. Nikamweleza yote, mstari wa buluu, afisa, Alhamisi. Sikumficha kwamba barabara hiyo ndiyo ile niliyoipigia kelele. Aibu ilinishika mpaka nikawa naongea na ungo badala ya kumtazama usoni.

Alichagua kijiwe kwenye mtama, akakitupa. Kisha akauliza, "Mkono wa mjukuu wangu ukoje?"

"Umepona, mayu. Baridi ikizidi unamuuma."

"Na hayo malori yakija msimu huu, yatapita tena pale anapovukia?"

"Ndiyo. Wakikosa njia nyingine."

Akatikisa ungo, makapi yakaruka. "Hao wageni wa Alhamisi, wanataka kuona nini?"

"Wanataka kuona kama eneo lina kazi. Yule afisa anaamini ng'ombe tu. Lakini usiwe na wasiwasi, nitaongea mimi. Unanijua nikiongea."

"Nakujua," akasema, na nusu ya tabasamu ikampita. Akarudi kwenye mtama wake. Niliondoka nimetulia kidogo, nikidhani amenikabidhi ile vita.

Alhamisi tulipakiana kwenye pikapu ya halmashauri, wajumbe nyuma tumeshikilia vyuma, tope linaruka. Njia nzima nilikuwa napanga maneno yangu. Nitaanza na heshima, nikajiambia, nitaeleza desturi, nitawaomba wenzangu mmoja mmoja waseme mbele ya afisa kama ni uongo. Atakayenyamaza nitamtaja. Mwakilishi wa bajaji aliponitania kwamba leo nimekunja sura kuliko barabara yenyewe, niliendelea kupanga.

Gari likasimama. Niliruka chini wa kwanza, na nilichokiona kikanimaliza.

Minyaa ilikuwa imekatwa, pengo limeachwa wazi, na ng'ombe wote wa mama mkwe walikuwa ndani. Wote. Majani mabichi yaliwafika tumboni. Walikuwa wanang'oa kwa pupa, wanakanyaga, wanalala juu yake, wanavuruga tope la masika na kila kilichokuwa kimehifadhiwa. Yeye mwenyewe alisimama katikati na fimbo yake, kanga kichwani, hamfukuzi yeyote. Mwanamke ambaye sijawahi kumuona akiruhusu hata mbuzi mmoja apitishe pua kwenye ule ua!

"Mayu!" nikapiga ukelele, nikakimbia tope likinivuta malapa. "Watoe! Watoe, mayu, majani bado machanga!"

"Waache," akasema. "Wameshaingia."

Nyuma yangu nikasikia sauti ya afisa, imejaa furaha ya kweli. "Ahaa! Basi hapa sawa kabisa. Kumbe ni malisho." Akapiga picha huku na huku, akamwita mwenyekiti aje ashuhudie, akaandika. Akasema lazima mstari usogezwe, hawezi kupitisha barabara kwenye eneo linalotumika kiasi hiki, ingekuwa kinyume na kila kitu anachofundisha kuhusu uendelevu. Alikuwa anafurahi kwa ajili yetu. Ilikuwa inaniuma kuliko kama angekuwa mtu mbaya.

Mwenyekiti hakusogea. Alivua kofia yake ya kitambaa akaishika kifuani, anaangalia yale majani yakilazwa chini. Safari hii hakuna mjumbe aliyetoa simu. Yule wa bajaji alijaribu kusema kitu, akakohoa, akarudi kuegemea gari. Walikuwa wanajua hesabu ya kile kilichokuwa kinafanyika mbele yao. Majani yakishakanyagwa mabichi na mvua juu yake, yanaoza, hayasimami tena. Kiangazi kikija pale patakuwa ardhi tupu.

Afisa akaja kwa mama mkwe, akampa mkono. "Hongera sana mama. Eneo lako limepona."

"Wabeja," akamjibu, yaani asante, kwa sauti ile ile anayotumia kumshukuru mtu aliyemletea chumvi. Akaukubali mkono wake.

Nilitaka kumwambia afisa kila kitu. Nilifungua mdomo, kweli, na mama mkwe akanigusa kiwiko. Nikaelewa. Nikisema ng'ombe wameingizwa kwa sababu ya kamati, anafuta alichoandika, mstari unarudi, na majani tayari yameliwa. Angepoteza vyote. Basi mimi, mwenye mdomo unaojulikana mtaa mzima, nikaufunga. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Machozi yalinitoka kwa hasira na sikuyafuta.

Wenzangu wakaanza kurudi garini. Mwenyekiti akasema kwa sauti ya chini kwamba njia mpya haitapatikana kabla ya pamba kuanza, kwa hiyo msimu huu malori yatabaki mtaani kwetu. Nikaitika kwa kichwa. Dereva akapiga honi.

"Nenda, wanakusubiri," mama mkwe akasema.

"Mayu, kiangazi utafanyaje?"

Alikuwa anawaangalia ng'ombe wake, mmoja baada ya mwingine, kwa utulivu, na mvua ilikuwa inaanza kudondoka kwenye migongo yao iliyonona. Kisha akaninyooshea fimbo yake niishike.

"Mchagulie mjukuu wangu ng'ombe mmoja," akasema. "Mchagulie leo, wakiwa bado wote wapo."