Fundo la Chatu, Fundo la Shanga

Hata leo, nikipita ghala pale Bariadi na harufu ya gunia la pamba lililolowa ikanipiga, namwona chatu wa baba.

Mwaka ule ushirika uliacha kununua pamba, na wanunuzi binafsi walikuwa hawajafika kijijini kwetu. Pamba ililala nasi ndani, na hela ya chakula haikuwapo. Baba alikuwa mcheza ngoma ya nyoka, na chatu wake alikonda hadi uti wa mgongo ukachomoza chini ya ngozi. Kumtoa vile kwenye mashindano ya ngoma za mavuno ilikuwa aibu ya ukoo mzima.

"Ukimpa kuku leo atamtapika," baba alituambia. "Aanze na panya wadogo."

Tukawasaka panya kwenye pamba. Vikafuata vifaranga, kisha kuku. Baba alimpima tumbo kwa kamba, na kila alipolisogeza fundo mbele alicheka peke yake.

Mayu, mama yetu, alikuwa na fundo lake. Akimwogesha mdogo wangu, aliukaza uzi wa shanga usimdondoke kiunoni.

"Huyu naye angekula mayai," alisema, tetea wa mwisho alipokamatwa.

"Ngoja ngoma ipite," baba akajibu.

Siku ya ngoma chatu alibebwa na wanaume wawili, amenawiri, anang'aa. Vigelegele! Nikakimbia nyumbani kumwambia mayu kwamba tumeshinda.

Ndani, shangazi alikuwa anamfunika mdogo wangu uso kwa kanga. Mayu alikaa mlangoni, uzi wa shanga mkononi, fundo limefunguliwa.