Siku Tuliyoanza na Mvinyo

Shemeji yangu hanyamazi. Nasema hivi kwa mapenzi, lakini nasema. Mimi ni dereva wa basi dogo la kampuni ya matembezi, yeye ndiye mwongoza wageni, na tangu tunapotoka stendi asubuhi mpaka jua linapopunguza ukali, mdomo wake haupati likizo. Ofisini wanamwita Kasuku. Zamani walimwita hivyo kisirisiri, siku hizi jina hilo amelidarizi mwenyewe kwenye kofia yake kwa uzi mwekundu.

Safari yetu ni ile ile kila mara. Tunaanza na ngome ya zamani iliyo juu ya mji, ambako anawaonyesha wageni mizinga, jela ya chini kwa chini na kisima kilichokauka. Halafu tunakwenda mapangoni, kofia ngumu kichwani na tochi mkononi. Mwisho kabisa, watu wakiwa wamechoka na koo zimewakauka, tunawapeleka kwenye shamba la mizabibu waonje mvinyo. Hapo ndipo Kasuku anapogeuka bubu.

Sababu ni mwanamke anayewamiminia wageni mvinyo. Tunamwita Mama Mapipa kwa kuwa chumba chake kimejaa mapipa, ingawa yeye mwenyewe ni mwembamba, mlango ukiachwa wazi nusu anapita. Ana sauti ya chini, vidole virefu, na macho yanayoanza kucheka kabla ya mdomo. Shemeji yangu akimwona tu, historia yote inamhama kichwani. Anakwenda kusimama kando ya ndoo ya kutemea mvinyo na kuikagua kama fundi bomba.

Mtu huyu hakuzaliwa mwongoza wageni. Alianza kwa kukata tikiti kwenye lango la ngome na kufagia ua. Akawa anatega sikio waongozaji wakieleza, kisha wageni waliochelewa anawaeleza yeye, akitia chumvi yake. Wageni wakaanza kuchelewa makusudi, wakubwa wakaona bora wamwajiri kwa mdomo kuliko kwa ufagio. Akamwoa dada yangu mkubwa, mpishi wa shule, mwanamke aliyekuwa na kicheko cha kusikika nyumba ya tatu. Waliishi vizuri na kwa kelele. Dada alipougua, Kasuku aliacha kazi, akamwogesha, akamlisha kwa kijiko, akamsimulia habari za ngome mpaka siku ya mwisho. Baada ya mazishi alijifungia ndani. Mimi ndiye niliyekwenda kumgongea, nikamwambia basi langu halina mwongozaji na wageni wameanza kuniuliza mimi maswali, na majibu yangu yataiaibisha nchi. Akatoka. Tangu hapo tuko barabarani pamoja.

Na kwa kuwa ni shemeji yangu, kumtania ni haki yangu. Tukitoka mizabibuni namrukia.

"Shemeji, leo umejitahidi. Umesema 'ahsante' mara mbili nzima. Nikakuposee lini?"

Yeye hucheka, akageukia dirisha, akaanza kuwaonyesha wageni daraja ambalo walishaliona asubuhi. Nimemwita bwana harusi mbele ya watu, nimemuuliza suti itakuwa ya rangi gani, nimejitolea kuendesha gari la maharusi bila malipo. Hakuwahi kunijibu. Nikajua ni haya za mtu mzima, nikazidi kumchokoza.

Sasa, juma moja kabla ya siku hiyo ninayoisimulia, Mama Mapipa alinivuta pembeni. Kampuni yao ilikuwa inafungua duka la mvinyo katika mji mwingine, mbali, mwendo wa siku nzima, na walimtaka yeye akalisimamie.

"Bosi anakuja Alhamisi saa nane mchana kuchukua jibu," akaniambia.

"Na jibu ni lipi?"

Akaanza kufuta glasi ambayo ilikuwa safi tayari. "Mume sina, wanangu wameshaolewa. Kazi ni ile ile. Hapa nina nini cha kunizuia?"

Habari hiyo nilimfikishia shemeji ikiwa ya moto. Nilidhani angeruka. Alikaa kimya mpaka stendi, akashuka, akasahau kofia yake kwenye kiti. Kasuku kunyamaza ndani ya basi! Hapo nikajua jambo limemwingia mifupani. Na mizabibuni sisi hufika saa kumi. Alhamisi hiyo, kwa utaratibu wetu, tungefika bosi ameshachukua jibu lake na kuondoka.

Alhamisi ilipofika, abiria wetu walikuwa kundi la mafundi cherehani waliotoka kujipumzisha. Kiongozi wao alikuwa mzee mmoja, fundi mkuu, ambaye hata siku ya mapumziko alikuwa na tepu ya kupimia shingoni. Tulipofika njia panda nikakata kushoto.

"Shemeji, umepotea," Kasuku akasema. "Ngome iko kulia."

"Najua ngome iliko."

"Sasa huku tunakwenda wapi?"

"Usukani uko mkononi kwa nani?"

Akaelewa. Fundi mkuu alipoona kibao cha mizabibu asubuhi hiyo, akawageukia wenzake. "Tunaanza na mvinyo? Jamani, dereva huyu asifukuzwe kazi kamwe!"

Mama Mapipa alikuwa bado anafagia. Alitukaribisha hivyo hivyo, akafunga aproni, akapanga glasi, akaanza kuwaeleza mafundi: kwanza utazame rangi, unuse, unywe kidogo, uuzungushe mdomoni, kisha uteme kwenye ndoo. Fundi mkuu alifuata yote mpaka kwenye kutema, akagoma.

"Mama, mimi nimelelewa. Siwezi kutema kitu nilichokaribishwa."

Wenzake wakaona ana hoja, na ndoo ikabaki kavu. Mimi nilikuwa nimemkodolea macho Kasuku. Nikamfinya mkono.

"Sema kitu."

"Niseme nini?"

"Chochote! Mtu anaondoka huyo."

Akavuta pumzi, akapiga hatua moja mbele, Mama Mapipa akainua uso kumtazama. "Ndoo hii," shemeji yangu akasema, "ni imara sana."

Nilitamani kumvika hiyo ndoo kichwani. Mama Mapipa alijibu kwa adabu kwamba ndiyo, ni ya bati. Mazungumzo yakafa hapo. Nikaona nikimwachia huyu bwana, mambo yatakwenda mrama huku natazama. Nikamuuliza Mama Mapipa kama amewahi kufika mapangoni.

"Nifike saa ngapi? Wageni wanakuja hapa na matope ya pango kwenye viatu, wananisimulia, nasema 'enhe, enhe', kisha napiga deki. Sijawahi kuliona."

"Basi vaa viatu vya kufunga. Kabla ya saa nane nimekurudisha."

Alisita, akamtazama mwenzake wa kazi, mwenzake akamwambia nenda. Akavua aproni.

Tulipitia ngome kwanza. Mafundi walikuwa wamechangamka barabara, kila jiwe linawachekesha. Mbele ya mizinga ulimi wa Kasuku ulirudi mahali pake. Alikuwa amezoea kuongea akiwa pale, na nadhani miguu ilimkumbusha mdomo kazi yake. Alieleza vita, akaigiza jemadari aliyeingia kisimani kujificha akanasa tumbo, akaigiza na askari waliomvuta. Kwenye chumba cha maonyesho kuna koti la askari wa zamani ndani ya kioo. Fundi mkuu alilikagua pande zote, akatoa hukumu. "Kwapa limebana. Mkono hauinuki. Ndiyo maana walishindwa."

Mama Mapipa alikuwa nyuma yao, amejishika mbavu kwa kucheka. Akanisogelea sikioni.

"Huyu ndiye yule yule anayesimama kwenye ndoo yangu?"

"Ndiye huyo huyo."

"Mbona hakuwahi kuniambia kitu?"

Nikamwambia atazame anapokanyaga.

Kwa kawaida mimi siingii mapangoni. Nabaki garini, navua viatu, nachapa usingizi. Lakini mlangoni mwa pango Mama Mapipa alinishika mkono akaapa hasogei bila mtu wa kumshikilia. Nikavaa kofia ngumu, nikaingia. Ndani kuna baridi ya kukupanda mgongoni, maji yanadondoka mahali usipopaona, na popo wamejipanga darini wakisubiri jioni. Mafundi walikuwa wakigonga kofia zao kwenye mwamba na kuuomba mwamba radhi. Kasuku alitangulia, anaelekeza, inama hapa, shika kamba hapo, mpaka tukafika kwenye ukumbi mkubwa wa mawe.

Hapo ana mtindo wake. Anawakusanya wageni, anawaambia wazime taa zote, yake anazima mwisho. Watu wakae kidogo katika giza lenyewe, lile ambalo hata ukiweka mkono mbele ya pua huuoni. Kisha anawaambia hilo ndilo giza waliloishi nalo waliojificha humo wakati wa vita, anatia mzaha mmoja, anawasha. Nilikuwa nimeusikia mtindo huo midomoni mwa wageni mara nyingi.

Taa zikazimwa. Tukasubiri. Hakusema kitu.

"Mwongozaji ametukimbia," mtu mmoja akanong'ona, wengine wakacheka kidogo, kisha wakaacha.

"Shemeji," ikasema sauti ya Kasuku.

"Nipo."

"Yale unayoniambia kila siku garini. Ya kuniposea."

"Ndiyo."

"Ni utani?"

Mama Mapipa akanikaza mkono.

"Nauliza kwa sababu hujawahi kuniambia bila kucheka," akaendelea, polepole, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu dada alipokuwa mgonjwa. "Na wewe ni damu yake. Kila ukisema nageuza maneno yako huku na huku, sijui unanipa ruhusa au unanipima kama nimemsahau. Kama ni utani hakuna neno, nitacheka tu. Lakini leo niambie."

Uso uliniwaka moto, nikashukuru hakuna aliyeniona. Kumbe hazikuwa haya. Kumbe kila nilipomrushia mzaha wangu na kuwachekesha abiria, huyu mtu alikwenda nao nyumbani na kukaa nao peke yake. Jibu la kuchekesha lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi wangu, huwa liko tayari, na nililimeza.

Kisha nikajiuliza swali hilo hilo, na sikulipenda jibu langu. Sehemu moja yangu ilikuwa inatania kweli. Kasuku akiwa peke yake, bado ni mume wa dada yangu. Akisimulia habari za ngome, nasikia na mahali ambapo dada angecheka. Akioa, hilo nalo linaondoka, na mimi ninabaki na nini? Nilisimama kwenye lile giza nikamlilia dada yangu upya, bila sauti, huku mkono wa mwanamke mwingine umeshika wangu na hauniachii.

"Shemeji?" akaita tena.

"Sitanii," nikasema. "Ulimtunza mpaka mwisho, mimi nilikuwepo, niliona. Hujamsahau na hutamsahau. Lakini nyumba yako iko kimya mno, na yeye kimya hakukipenda. Nimekubali. Sisemi kwa kucheka. Nimekubali."

Nikasikia mtu anapenga kamasi. Baadaye nilijua ni fundi mkuu.

"Jamani," ikasema sauti ya chini ubavuni kwangu, "na mimi nimo humu ndani. Naozwa bila hata kuulizwa?"

Pango zima liliangua kicheko, na kicheko cha pangoni kinarudi mara tatu. Kilipotulia, nilimngojea Kasuku. Nilijua atafungulia bomba sasa, atapitia mizinga, kisima, jemadari, mpaka afike kwenye maana yake kesho kutwa.

"Usiende," akasema.

Basi, akaishia hapo.

"Washa taa," Mama Mapipa akamwambia.

Akawasha. Alikuwa amevua kofia ngumu ameikumbatia kifuani, jasho linamtoka kwenye baridi ile. Mama Mapipa alimtazama, macho yakaanza kucheka, kisha na mdomo.

"Kumbe kufupisha unaweza," akasema. "Bosi atatafuta mtu mwingine."

Mafundi walipiga makofi mpaka popo wakahama dari. Fundi mkuu alisogea, akavua tepu yake shingoni, akaanza kumpima Kasuku mabega pale pale, akitangaza kwamba suti hiyo ni yake na kwapa halitabana.

Tulipopanda basi kurudi, Kasuku alikaa nyuma na mafundi. Mdomo ulikuwa umerudi kazini, mkubwa kuliko asubuhi, na alikuwa akisimulia upya habari ya pango kana kwamba wao hawakuwemo. Mama Mapipa alipanda mbele, kiti cha pembeni yangu. Alikuwa na matope mpaka magotini. Alikuwa akichezea kofia yake ngumu, ambayo alisahau kuirudisha.

"Sijui nikuite nani sasa," akasema mwishowe, taratibu, wengine wasisikie. "Dereva, haifai tena. Shemeji, ni la kwake. Sitaki kuchukua nafasi ya mtu."

Neno lililokuja mdomoni lilikuwa neno ambalo sikuwa nimemwita mtu yeyote tangu siku ya mazishi. Nikawasha gari kwanza.

"Mimi ni mdogo wako," nikamwambia. "Funga mkanda, dada."