Bibi Yake Yule Mwingereza

Sie Waswahili tuliokulia Wattaya, huku Uarabuni, enzi simu ingali imefungwa ukutani, muziki tuliuhangaikia. Kaka yangu Nassor alimpenda mwimbaji mmoja wa roki wa Kiingereza, nywele hadi mabegani, nyimbo anajitungia mwenyewe. Redio ikiitafuna kanda, tunaichomoa taratibu na kuirudisha kwa kalamu ya risasi. Watoto wa leo wimbo ukichelewa kidogo tu, nyumba nzima haikaliki!

Baba hakuutaka ule muziki. Ijumaa moja, tunakula vitumbua na kanda inalia redioni, akaingia na mfuko wa taka. "Makanda yenu leo yote nje! Nyimbo gani hizi za mahaba?" Nassor machozi yakamlenga. Bibi, mamake Baba, akaweka chini kikombe cha kahawa, akaniuliza, "Anasemaje huyo? 'Bibi, bibi'?"

Wallahi, Mwingereza alikuwa anasema "bebi". Nikameza mate. "Ndiyo, Bibi. Anamwita bibi yake."

"Masikini! Mtoto ana imani huyo. Mwache, mwanangu, amlilie bibi yake."

Nani ambishie Bibi? Baba akaondoka na mfuko wake mtupu.

Tangu hapo Bibi akawa anafuatilia habari za yule Mwingereza kuliko sie. Alipoachana na wenziwe wa bendi, Bibi akasema hao mahasidi tu. Alipotoa kanda yake ya kwanza peke yake, akatupikia chila. Akikaa kimya mwaka mzima, Bibi atauliza, "Bibi yake hajambo?" Na mie uwongo ule ulinikaa kooni miaka, kama mwiba wa samaki.

Siku ya harusi yangu, Bibi ananifukiza udi, akaniinamia sikioni. "Mwambie mumeo akwite kama yule Mwingereza anavyomwita bibi yake." Akanikonyeza. Nilicheka mpaka wanja ukanichuruzika. Kumbe alijua tangu siku ile ya vitumbua!

Siku hizi nyimbo za yule Mwingereza zote zimo ndani ya simu, na kila mtu kajiziba masikio yake, anacheka peke yake. Mwimbaji mwenyewe sasa kipara, na bado anaimba. Nyumba zetu ndizo zimekuwa kimya.

Juzi nilikwenda Al Khoudh kwa binti yangu, nikamkuta mjukuu wangu anatikisa kichwa. Nikamchomoa kile cha sikioni, nikasikiliza. Sauti ile ile, jamani! Nikajitia sijui.

"Anasemaje huyo?"

Mtoto akababaika, akameza mate. "Anamwita... anamwita bibi yake."

"Masikini," nikamwambia, "mtoto ana imani huyo."