Saa Mbili ya Mashine

Walimwita Chapchap, na usidhani ni jina la sifa. Mama yake ndiye aliyempa, siku alipomtuma chumvi akarudi na sukari kabla mlango haujafungwa. Sasa alikuwa mwanamke mzima, mtengenezaji wa programu za simu, na ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la rangi, na kiti chenye mguu uliofungwa waya. Lakini haraka ilikuwa ile ile.

Programu ya hadithi hii aliitengeneza kwa ajili ya kaka yake. Kaka alikuwa mchoraji wa picha za vitabu vya watoto. Mkono wa dhahabu, lakini kwenye kudai haki yake, bure kabisa! Alikuwa akitoka nyumbani ameapa kwamba leo ni leo, leo kitaeleweka, akifika kwa mteja anaulizwa habari za watoto, anakaribishwa chai, anarudi amebeba kazi nyingine ya mkopo. Akimweleza mkewe kwamba mteja alionekana amechoka, mke anageuka kutazama jiko. Na wako wengi wa namna hiyo: wafasiri, wapiga picha, waandishi, watu wanaojiajiri na kulipwa siku mteja akijisikia. Chapchap akasema haya, kama mdomo wa kudai hamna, nitawapa. Unarekodi sauti yako mara moja, kwa adabu zote, unachagua siku na saa, na programu inampigia mteja kumkumbusha. Wewe unaendelea na kazi zako.

Kaka alirekodi amesimama wima, kama yuko mbele ya mkwe. "Pole sana, mama," alianza, kisha akajitaja, kisha kwa kuzunguka sana akafika kwenye malipo ya kitabu. Rekodi hiyo ilikuwa ya kumpigia Mama Vitabu, mwenye kampuni ya kuchapisha, ambaye ndiye aliyekuwa mteja wake pekee wa uhakika. Mume wa huyo mama alikuwa amelazwa muda mrefu, na kaka aliona si uungwana kudai kabla ya kumpa pole ya mgonjwa. Akamwambia dada yake aweke saa mbili, mama anapokuwa ameshaingia ofisini na hajachoka.

Chapchap, huku anabishana na mtu mwingine kwenye simu, akaandika mbili. Sasa wewe na mimi tunajua saa mbili ni ipi: jua limetoka, watoto wako darasani. Mashine haijui habari ya jua. Yenyewe inaanza kuhesabu usiku wa manane, na mbili yake ni saa nane, watu wamelala fofofo. Kila siku Chapchap aliigeuza hesabu hiyo kichwani bila kufikiri, kama sisi sote tunavyoona nane kwenye simu tukasoma mbili. Siku hiyo hakuigeuza. Haraka haraka haina baraka, aliimbiwa tangu utotoni, akaitikia bila kusikiliza.

Asubuhi alifungua kompyuta akakuta imeandikwa kwamba simu ilipokelewa. Akafurahi. Kisha akaona saa ilipopigwa.

Nani hupiga simu saa nane za usiku? Hakuna anayepiga kusalimia. Simu ya saa hiyo ni ya msiba, kila mtu anajua, na ilikuwa imempigia mwanamke mwenye mgonjwa hospitali. Na neno la kwanza, Mungu wangu, neno la kwanza lilikuwa pole sana! Chapchap alijaribu kujidanganya kwamba labda ni mtoto aliyepokea, labda mtandao ulikuwa mbovu. Akampigia kaka yake, hapatikani. Akampigia wifi yake, akaambiwa kaka ameitwa na Mama Vitabu alfajiri, na sauti ya yule mama haikuwa ya heri. Wifi hakujua kilichotokea. Aliongeza tu, polepole, "Wifi, yule mama akituacha, sisi tumekwisha."

Alikwenda kwa miguu, nusu mbio, akipanga maneno ya kuomba radhi na kuyapangua. Kila alilopata lilikuwa dogo. Kwenye ngazi za ofisi ya Mama Vitabu akashika ukuta, akapanda.

Kaka alikuwa amesimama karibu na mlango, mikono nyuma, kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu. Mama Vitabu alikuwa ameketi, na chini ya meza viatu vyake havikufanana, kimoja cheusi, kingine cha kahawia. Chapchap akamwamkia shikamoo. Hakuitikiwa. Ikabidi aseme yote akiwa amesimama pale pale: kwamba mashine ni yake, kosa ni lake, kaka yake hajui lolote, saa aliiweka yeye. Alipofika kwenye saa mbili ya mashine akaishia hapo, maana hata yeye aliona ni upuuzi kumweleza mtu hesabu za saa wakati huo.

Mama Vitabu hakumtazama. Alimtazama kaka.

"Nilisikia pole sana, mama, nikajua ni wewe. Simu ikaniponyoka. Njia nzima mpaka hospitali nilikuwa nakushukuru. Nilisema, jamani, kijana huyu amesikia msiba kabla yangu, na hakuona uzito kunipa pole."

Kaka alikuwa analia kimya kimya, na Chapchap alitamani sakafu ipasuke.

"Nikaingia wodini nalia," mama akaendelea. "Mume wangu ana miezi hanijui. Ananiita dada, ananiita nesi. Nimeingia na kelele zangu, akafumbua macho, akaniita jina langu. Akaniuliza nani amenipiga mpaka nalia hivi." Akajifuta uso kwa kiganja, kwa hasira. "Kulipokucha alikuwa ameshanisahau tena. Sasa niambieni, niwalaani au niwafanye nini?"

Akavuta droo, akatoa mswada wa kitabu kipya uliokuwa unasubiri kuchorwa, akauweka mezani lakini mkono hakuutoa juu yake.

"Kazi ipo. Ila hiyo mashine isinipigie tena maisha yangu yote. Ukitaka chako, utasimama hapo ulipo na kuniambia kwa mdomo wako, mchana."

Chapchap alimtazama kaka yake, akajua amekwisha. Angesema hapana shida, mama, hata mwakani. Angesema upumzike kwanza. Alimwona akishusha mikono kutoka nyuma.

"Mama," kaka alisema, "mke wangu ananidharau. Naomba unilipe leo."