Maji ya Mvua

Mvua ikigusa mabati yaliyochomwa na jua, harufu yake ya vumbi na chuma hunirudisha Kitengela, kwenye pipa la mama.

Maji ya kisima kwetu yalikuwa ya chumvi. Sabuni haikutoa povu, na nguo nyeupe ziligeuka rangi ya chai. Kwa hivyo mama alilinda maji yake ya mvua kama maziwa. Kanisa lilipomchagua jirani yetu, si mama, awe akifua kitambaa cha meza ya Bwana, jirani alikuja na ndoo kuomba maji.

"Kama ni Mungu amekuchagua, basi akuletee mvua," mama akamwambia, akafunika pipa.

Jirani alicheka kidogo, akaenda. Tangu hapo, wakati wa maombi, mama hakufunga macho. Alikitazama kile kitambaa cha rangi ya chai.

Kisha jirani akaugua, akawa hainuki kitandani. Asubuhi moja mama alifunua pipa, akateka ndoo ikajaa, akanishika mkono tukaenda. Alimwosha jirani uso, mikono, miguu. Jirani akamwonyesha kitambaa kilichokuwa kwenye kiti.

"Dada, mimi siko na nguvu tena. Hicho ufue wewe."

"Nitafua," mama akasema, akakichukua.

Kilitoka cheupe kabisa, lakini jirani hakuwahi kukiona.

Siku ya mazishi ilinyesha sana. Watu walikimbilia chini ya mabati. Mama alibaki kando ya kaburi, akilowa.

"Imekuja," alimwambia jirani. "Dada, imekuja."